Moscow, St Petersburg au Kazan: siku chache Urusi, wewe na rafiki yako

Mmeshakubaliana kwenda Urusi. Likizo ni ya siku nne, tano mkibana na wikendi. Pesa mmechanga. Kilichobaki ni mji, na hapo ndipo mmekwama: mmoja anatuma picha za makuba ya rangi ya Moscow, mwenzake anajibu kwa madaraja ya St Petersburg, halafu binamu aliyesoma kule anaingilia kati na kusema achaneni na hayo yote, nendeni Kazan.

Miji yote mitatu inastahili nauli. Tofauti iko katika namna kila mmoja unavyowabeba watu wawili. Safari fupi ya marafiki ikiharibika, mara nyingi chanzo chake ni saa kumi na nne za kutembea bega kwa bega, mmoja akitaka makumbusho ya tatu, mwenzake akitaka kukaa tu na kikombe cha chai. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimelipa uzito jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita: je, katika mji huu mnaweza kuachana mchana, kila mtu akaenda zake, na jioni mkakutana bila taabu?

Tunapima kwa nini

Vigezo ni sita, na kila mji utapita humo humo: kufika, mwendo wa mji, yaani ukubwa wake, usafiri na huko kuachana na kukutana, cha kuona kwa siku tatu au nne, kula, pamoja na chakula halali, hewa na mwanga, na jioni. Bei sikuipa kichwa chake kwa sababu jibu ni fupi. Moscow ndiyo ghali kuliko yote, Kazan ndiyo nafuu, na St Petersburg iko katikati, ila mwezi wa Juni na Julai hoteli zake hupanda hadi kuifikia Moscow.

Kitu kimoja hakipimwi kwa kuwa ni sawa kote: saa. Miji yote mitatu inatumia saa ileile ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Hakuna uchovu wa kubadilisha saa, na kwa safari ya siku nne hiyo si zawadi ndogo.

Yanayowahusu kokote mtakakokwenda

Viza kwanza, hasa kama pasi zenu ni za nchi tofauti. Tangu Agosti 2023 Urusi inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha maalumu. Oman imo, Ujerumani, Uholanzi na Sweden zimo. Uingereza, Marekani na Kanada hazikuwekwa. Pasi za Afrika Mashariki kwa kawaida hupitia ubalozini, na karatasi za hoteli au mwaliko mkononi. Orodha hubadilika, kwa hiyo iangalieni upya kabla ya kulipa chochote. Kama mmoja anaiomba kwa simu akiwa kitandani na mwenzake anapanga foleni ubalozini, tiketi zinunuliwe kwa kufuata kasi ya yule wa foleni.

Pesa ni taslimu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi humo tangu Machi 2022, si dukani, si kwenye mashine ya kutolea pesa. Bebeni dola au yuro, noti safi zisizochanwa wala kuandikwa, mbadilishe kidogo kidogo benki. Mzigo wote usikae kwenye mkoba mmoja; hiyo ndiyo faida ya kusafiri wawili. Vilevile, tovuti kubwa za kimataifa za kukodi vyumba zilijiondoa, kwa hiyo hoteli hutafutwa kwenye tovuti za Kirusi au kwa kuwaandikia wenyewe, nanyi mkalipa mkifika. Anayefikia nyumba ya mtu binafsi ajue kwamba mwenye nyumba lazima amwandikishe kwa mamlaka ndani ya siku saba za kazi. Hoteli hufanya hivyo yenyewe.

Simu nayo ina mambo yake. Facebook na Instagram zilifungwa 2022, na simu za WhatsApp zilianza kubanwa 2025. Intaneti ya simu huzimwa mara kwa mara katika maeneo mbalimbali kwa sababu za kiusalama. Pakueni ramani ya mji mapema, na kila asubuhi mkubaliane mahali na saa ya kukutana kama watu wa zamani walivyofanya, kwa mdomo.

Na vita vipo. Tangu 2022 Urusi inapigana na Ukraine, na droni zimefika mbali. Kazan yenyewe, iliyo mamia ya kilomita mashariki mwa Moscow, ilipigwa Desemba 2024. Viwanja vya ndege hufungwa kwa saa kadhaa bila taarifa, kwa hiyo msinunue tiketi za kuunganisha zenye dakika sabini katikati. Serikali kadhaa zinawashauri raia wao wasiende kabisa. Someni ushauri wa serikali yenu, kisha muulize kampuni ya bima kama inakubali kuwakatia. Msipige picha wanajeshi, magari yao wala mitambo. Na kama safari hii imeletwa na mtu mliyekutana mtandaoni, anayelipa nauli na kuahidi kazi, hiyo si likizo tena: wako Wakenya walioitwa kufanya kazi Urusi wakajikuta mstari wa mbele.

Kwa msafiri mweusi, tarajia kutazamwa. Wapo wa kukuomba picha kwa furaha, na maneno ya kibaguzi nayo yapo. Polisi wanaweza kuomba hati, kwa hiyo pasi na ile karatasi ya uhamiaji mnayopewa mpakani zikae mwilini, zisiachwe hotelini.

Haya, sasa miji.

Moscow

*Kufika.* Ndiyo rahisi kuliko yote kwa anayetoka Afrika Mashariki. Ethiopian hufika kupitia Addis Ababa, Emirates kupitia Dubai, Qatar Airways kupitia Doha. Kutoka viwanja vikubwa kuna treni ya moja kwa moja hadi stesheni za mjini, chini ya saa moja, na haijali foleni za magari, ambazo Moscow ni balaa.

*Mwendo.* Mji wa watu wapatao milioni 13, na ukubwa huo mnausikia miguuni. Barabara zina njia nyingi hadi kuvuka ni kwa kupita chini ya ardhi. Vitu viwili vilivyo karibu kwenye ramani vinaweza kuwa nusu saa ya kutembea. Anayeuokoa mji huu ni metro. Ilifunguliwa 1935, treni hupishana kwa dakika chache tu, huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufungwa saa saba usiku, na majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za Kilatini. Hapa kuachana ni rahisi na kukutana ni rahisi, ila kila kimoja kinakula dakika arobaini. Kama mtatawanyika mara mbili kwa siku, sehemu nzuri ya likizo itapita chini ya ardhi.

Lakini chini ya ardhi yenyewe ni ya kuona. Komsomolskaya ina dari la manjano na michoro ya vigae vidogo kama jumba la mfalme. Mayakovskaya, ya 1938, inawataka mwinue shingo kuangalia picha za anga moja baada ya nyingine. Ploshchad Revolyutsii imejaa sanamu za shaba za wanajeshi, wakulima na wanafunzi, na pua ya mbwa wa mlinzi wa mpaka inang'aa kwa kusuguliwa na wapita njia wanaotafuta bahati. Nauli moja inatosha kuzunguka vituo vyote mradi hamtoki nje. Siku ya mvua au ya baridi kali, huu ndio mpango wa bei rahisi kuliko wote Urusi nzima.

*Cha kuona.* Uwanja Mwekundu mtaufikia tu, hata msipopanga. Kanisa la Mtakatifu Basil, lililojengwa 1555 hadi 1561 kwa amri ya mfalme Ivan wa Kutisha kusherehekea kutekwa kwa Kazan (kumbukeni jina hilo), linapendeza zaidi kwa nje kuliko ndani, ambako ni vijia vyembamba na ngazi. Kremlin, ngome iliyo pembeni yake, hufungwa Alhamisi. Nyumba ya sanaa ya Tretyakov ndiyo ya kwenda kama mnataka kuona Warusi walivyojichora wao wenyewe.

Kama mmoja wenu ana udugu na sayansi, mpelekeni makumbusho ya anga za juu karibu na kituo cha VDNKh. Yako chini ya mnara wa titani wa mita 107 unaoonekana kama roketi iliyoacha moshi nyuma, na ndani wamo Belka na Strelka, mbwa waliorudi hai kutoka angani 1960, sasa wamekaushwa. Mwenzake asiyependa roketi anaweza kuzunguka nje katika viwanja vya maonyesho vya VDNKh, vyenye mabanda ya jamhuri za zamani za Kisovieti na chemchemi za dhahabu. Ni mahali pazuri pa kuachana, maana hamwendi mbali.

Kusini-magharibi mwa mji kuna Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, kikavuliwa jina hilo 1992 na kurudishiwa 2023. Kama kuna mjomba au shangazi katika ukoo aliyesoma Urusi, huenda alipita hapo. Si kivutio cha watalii. Ni mtaa wa wanafunzi wenye mikahawa ya mataifa mengi.

*Kula.* Hakuna msichokipata. Migahawa ya Kijojia na ya Kiuzbeki ndiyo kimbilio la bei ya kati: mkate wa jibini, mishkaki, plov ambayo mtu wa pwani ataitambua kuwa ni pilau kabla hajaonja. Halali ipo, na njia rahisi ni kuanzia karibu na Msikiti Mkuu, uliojengwa upya na kufunguliwa 2015, hatua chache kutoka kituo cha Prospekt Mira.

*Hewa na mwanga.* Januari wastani ni karibu nyuzi sita chini ya sifuri, kavu kiasi. Mei na Septemba ni miezi mizuri. Jihadharini na siku za karibu na Mei 9, gwaride la ushindi linapofunga barabara za katikati.

*Jioni.* Mji huu haulali mapema. Mikahawa iko wazi hadi usiku wa manane, bustani ya Zaryadye ina daraja lililochomoza juu ya mto bila kufika ng'ambo, na Uwanja Mwekundu usiku, taa zikiwa zimewashwa, unawashinda wengi maneno.

*Unamfaa nani.* Marafiki wenye nguvu za miguu, wanaopenda makubwa na kelele za mji mkuu, na wasioumia wakikosa kitu. Moscow itawakosesha mengi.

St Petersburg

*Kufika.* Kuna ndege za Dubai za moja kwa moja, lakini wengi huingilia Moscow kisha wakapanda treni. Treni ya kasi, Sapsan, huvuka kilomita 650 hivi kwa saa nne. Treni ya usiku ni ya polepole na kwa watu wawili ndiyo raha: mnalala njiani, mnaokoa usiku mmoja wa hoteli. Ile maarufu, Krasnaya Strela, imekuwa ikisafiri tangu 1931. Huondoka saa sita kasoro dakika tano usiku na kufika kabla ya saa mbili asubuhi. Chumba cha kawaida kina vitanda vinne, kwa hiyo wageni wawili watalala nanyi. Amueni mapema nani anakwenda juu. Mhudumu wa behewa ana maji ya moto wakati wote, na glasi ya chai huletwa ndani ya kishikio cha chuma.

*Mwendo.* Hapa ndipo kigezo changu kinapojibiwa vizuri zaidi. Mji ulichorwa kabla ya kujengwa. Mfalme Petro Mkuu aliuanzisha 1703 kwenye tope la Mto Neva, na barabara ya Nevsky inapita katikati kama uti wa mgongo. Mtu aliyepotea huirudia Nevsky. Vivutio vikuu karibu vyote vinafikika kwa miguu kutoka humo, kwa hiyo mmoja akibaki kwenye makumbusho na mwenzake akaenda kwenye mifereji, kukutana tena ni robo saa. Metro ipo, ya kina kirefu mno (kituo cha Admiralteyskaya kiko mita 86 chini), lakini katikati ya mji mtaihitaji mara chache.

*Cha kuona.* Hermitage, na hapa lazima mzungumze kabla ya kusafiri. Makumbusho haya yalianza 1764 na mkusanyiko wa malkia Katerina wa Pili, yamejaza Jumba la Majira ya Baridi na majengo jirani, na hayamaliziki. Hufungwa Jumatatu. Mpenda picha atataka siku nzima: Rembrandt na Leonardo upande wa jumba, kisha avuke uwanja kwenda jengo la pili kuwatazama akina Matisse. Asiyependa picha ataona ngazi za marumaru, kumbi za dhahabu, saa ya tausi, na baada ya saa mbili macho yake yatakuwa yamejaa. Huyo wa pili aachiwe aende zake. Apande juu ya kanisa la Mtakatifu Isaka kuangalia mapaa, au aende kwenye ngome ya Petro na Paulo, ambako mzinga hupigwa kila siku saa sita mchana na kuwashtua wageni.

Kuna ziara moja ambayo kwa Mwafrika ina uzito wa pekee. Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi humweka juu ya wote, alikufa 1837 katika nyumba iliyoko namba 12 ukingoni mwa mto mdogo wa Moika, baada ya kupigwa risasi kwenye pambano la wawili. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Babu wa mama yake alikuwa Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa mtoto katika jumba la Petro Mkuu akakua kuwa jenerali na mhandisi wa ngome. Wanahistoria bado wanabishana alizaliwa upande wa Eritrea na Ethiopia au karibu na Ziwa Chad. Kiswahili nacho kimefundishwa katika chuo kikuu cha mji huu tangu enzi ulipoitwa Leningrad, kwa hiyo msishangae sana mkisalimiwa.

Leningrad hiyo hiyo ilizingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mamia ya maelfu ya raia wakafa, wengi kwa njaa. Makaburi ya Piskaryovskoye, walikozikwa wengi wao, yako mbali kidogo na katikati. Si kila mtu anataka huzuni hiyo likizoni, na mwenzako akikataa usimlazimishe.

Wakati wa joto ongezeni Peterhof, bustani ya chemchemi iliyoko ufukweni, inayofikika kwa boti ya kasi kutoka mbele ya Hermitage. Chemchemi hufunguliwa kati ya mwisho wa Aprili na Oktoba. Nje ya miezi hiyo hakuna haja.

*Kula.* Vizuri, ingawa halali inahitaji kutafutwa zaidi kuliko Moscow. Anzeni mtaa wa karibu na msikiti wenye kuba la buluu, ng'ambo ya mto. Cha mji wenyewe ni pyshki, maandazi yenye tundu yanayonyunyiziwa sukari ya unga na kuliwa moto kwa kahawa ya maziwa. Muulizeni muuzaji yamekaangwa kwa mafuta gani kama hilo linawahusu. Migahawa ya kujipimia chakula kwa trei, stolovaya, inashibisha kwa pesa kidogo.

*Hewa na mwanga.* Hiki ndicho kigezo kinachoweza kuamua kila kitu. Kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai giza halikamiliki. Mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa nne usiku na mbingu hubaki nyeupe. Ni ajabu, na watu wanajua ni ajabu, ndiyo maana hoteli hupanda. Anayechunga swala atapata kazi ya kuulizia Isha msikitini. Desemba ni kinyume chake: mwanga chini ya saa sita kwa siku, na unyevu wa bahari unaofanya nyuzi tano chini ya sifuri ziume kuliko kumi za Kazan.

*Jioni.* Miezi isiyo ya barafu, madaraja ya Neva huinuliwa kuanzia kama saa saba usiku ili meli zipite, na hushushwa alfajiri. Watu hukusanyika ukingoni kuyatazama. Tafadhali hakikisheni mko upande wa hoteli yenu. Ukibaki ng'ambo na mwenzako yuko chumbani na ufunguo, mtaongea mengi kesho yake. Kwa wapenda jukwaa kuna ukumbi wa Mariinsky, na tiketi za ballet zinunuliwe mapema.

*Unamfaa nani.* Marafiki wenye ladha tofauti. Mji huu unawapa kila mmoja lake ndani ya eneo moja. Haumfai anayekwenda majira ya baridi akitarajia jua, wala anayechoka na majumba ya wafalme. Baada ya la tatu yanafanana.

Kazan

*Kufika.* Hapa panataka subira. Flydubai hufika, vinginevyo ni ndege ya saa moja na nusu kutoka Moscow, au treni ya usiku ya karibu nusu siku. Kwa safari ya siku nne kamili, toeni nusu siku kila upande.

*Mwendo.* Watu milioni 1.3 na katikati ndogo. Kutoka ngome ya mji, ambayo nayo huitwa Kremlin, mnashuka mtaa wa Bauman, usio na magari, hadi mwisho, kisha mnazunguka ziwa Kaban hadi mtaa wa zamani wa Watatari, wenyeji Waislamu wa eneo hili, yote kwa asubuhi moja bila kukimbia. Metro ina mstari mmoja tu. Kuachana hapa hakuna maana kubwa kwa sababu mtakutana tu barabarani.

*Cha kuona.* Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri ya Watatari ndani ya Urusi, na ndani ya ngome moja nyeupe, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, msikiti na kanisa kuu vinatazamana. Msikiti wa Kul Sharif, wenye minara ya buluu, ulifunguliwa 2005 na una jina la imamu aliyekufa akiutetea mji majeshi ya Ivan yalipouteka 1552. Ndiyo ushindi uleule ambao Moscow iliujengea kanisa la Mtakatifu Basil. Mkiwa mmepita miji yote miwili, historia hiyo mnaiona kutoka pande mbili, na mimi huona hakuna somo bora la Urusi kuliko hilo. Kuingia eneo la ngome ni bure. Karibu na hapo ni mnara wa Söyembikä, ambao kweli umeinama.

Katika mtaa wa Watatari kuna nyumba za mbao za rangi na msikiti wa al-Marjani, wa 1766 hadi 1770, wa kwanza wa mawe kuruhusiwa tangu mji utekwe. Katerina wa Pili ndiye aliyetoa ruhusa. Mwislamu wa Zanzibar au Mombasa atajisikia mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja: theluji nje, ndani Qur'ani ileile. Uislamu katika nchi hizi za Mto Volga ulipokewa rasmi 922, ujumbe wa Baghdad ulipofika akiwemo mwandishi Ibn Fadlan, lakini magofu ya Bolgar ulikofikia yako mbali kiasi cha kumeza siku nzima. Kwa siku nne, chagueni kisiwa cha Sviyazhsk kilicho karibu, au msiende popote.

Mpenda soka ana lake. Kombe la Dunia la 2018 lilifanya uwanja wa Kazan kuwa mkosi wa vigogo: Ujerumani walifungwa 2–0 na Korea Kusini hapo wakarudi nyumbani, Argentina wakalala 4–3 kwa Ufaransa, Brazil wakatolewa na Ubelgiji 2–1.

Zaidi ya hapo, niseme ukweli, siku mbili zinatosha. Siku ya tatu ni ya chai.

*Kula.* Kazan inawashinda wenzake wawili kwa mbali kwa anayekula halali. Hapa ni kawaida, si jambo la kutafuta. Kuna echpochmak, mkate mdogo wa pembe tatu wenye nyama, viazi na vitunguu, na chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kugandishwa kwa asali. Chai huletwa nyingi, na maziwa ukitaka.

*Hewa na mwanga.* Baridi kali kuliko kwingine, Januari wastani ni karibu nyuzi kumi chini ya sifuri, lakini kavu na mara nyingi na jua. Kiangazi ni joto la kweli.

*Jioni.* Tulivu. Mtaa wa Bauman una wapiga muziki, ukingo wa mto una watembeao na watoto wao, na baada ya saa nne mambo hupoa.

*Unamfaa nani.* Marafiki wanaotaka kuzungumza zaidi kuliko kuona, familia iliyojiita marafiki, anayefunga au kuswali kwa ratiba, na mwenye bajeti ndogo. Anayetafuta muziki hadi asubuhi atanuna.

Kwa hali yenu

Mkiwa na siku tatu tupu na ndege inatua Moscow, bakieni Moscow. Treni ya kwenda na kurudi itakula muda wenu.

Siku nne, kati ya Mei na Septemba, na ladha zenu hazifanani: St Petersburg. Kama ni Novemba hadi Februari, wazo hilo lipimeni upya, isipokuwa kama wote wawili ni watu wa makumbusho na jua hamlihitaji.

Kama ni safari ya kwanza nje ya nchi kwa mmoja wenu, na ana wasiwasi wa chakula, swala au wingi wa watu, Kazan itampokea kwa upole zaidi. Yule mwenye uzoefu akubali kuboreka kidogo.

Mkiwa na siku tano au sita, mnaweza kuunganisha miwili kwa treni ya usiku. Moscow na St Petersburg ndiyo njia ya wengi. Moscow na Kazan naipendelea mimi, kwa sababu ya ile historia ya pande mbili, na kwa sababu tofauti ya miji hiyo ni kubwa zaidi kuliko ile ya Moscow na St Petersburg. Mitatu kwa siku sita msijaribu.

Mkishindwa kabisa kukubaliana, mchagua jembe si mkulima: angalieni viza ya nani imetoka, ndege ipi ina kiti, na hoteli ipi imejibu kuwa itapokea rubli taslimu mlangoni. Mara nyingi hayo matatu yanaelekeza mji mmoja.